TAIRI KWANZA, REDIO BAADAYE

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, ambaye kazi yake ni ufundi wa magari, katika siku ya kukutana hapa Kibiti. Tumeichapa karibu yote, pamoja na maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.)



Kamati ilinipangia mada yenye jina kubwa, "Maendeleo ya Ufundi". Nimeomba ruhusa niipunguze mada hiyo mpaka iweze kuingia ndani ya gari moja la familia, tena lililotumika. Mkitazama kule penye miembe mtayaona magari yenyewe tuliyokuja nayo: Noah, Ipsum, Wish, Raum, Probox, na machache mengine ambayo hata mimi fundi nimeshindwa kuyatambua kwa jinsi yalivyopakwa rangi. (Kicheko.) Karibu yote yametoka Japani, nchi ambayo watu wake huendesha upande wa kushoto kama sisi. Yaliwatumikia wenyewe kwa miaka kadhaa juu ya barabara laini, ndipo yakapandishwa meli. Leo tunayataka yatubebe sisi, mama zetu, watoto, mikeka na magunia ya mchele mpaka Ikwiriri, Utete na Muhoro. Na kila mwenye gari la namna hiyo ana manung'uniko yaleyale matatu: linapiga kelele, linarusha, na muziki wake hausikiki.

Hayo ndiyo nitakayoyazungumzia. Lakini kwanza nawaomba mkumbuke njia ilivyokuwa. Wenzetu waliokuja kusoma kutoka Kilwa, Lindi na Mtwara walivuka mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na mto ukijaa walisubiri. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Lami nayo ikaja vipande vipande kwa miaka mingi. Zamani zile tairi likipasuka, hasara yake ilikuwa kuchelewa na kuliwa na mbu usiku kucha. Gari lilikuwa linakwenda mwendo wa baiskeli ndani ya mchanga, litaanguka wapi? Leo tunakwenda kilomita 80, wengine 100 na zaidi kwa saa. Tairi lilelile likipasuka katika mwendo huo, watu huja kuchukuliwa kwa turubai.

Yupo mwenzetu mmoja hapa uwanjani, jina lake nalihifadhi, naye ndiye aliyeniomba nilizungumze jambo hili mbele ya vijana. Alikuwa anatoka Dar es Salaam kuja kwenye hitima, mama yake akiwa amekaa kiti cha nyuma. Walipopita Mkuranga gari lilianza kutoa sauti kwa nyuma, du-du-du-du, na kiti cha mama kikawa kinatikisika. Mama alisema, "Mwanangu, gari lako linagonga." Mwanawe alikuwa amefunga spika mpya juma lile lile. Akaongeza sauti ya redio ili mama asikereke. Mbele ya Bungu ule ukanda wa juu wa tairi la nyuma la kulia ulibanduka wote kwa mara moja, gari likazunguka na kulala ubavu. Watoto walitoka salama. Mama hakutoka.

Tairi lile nililiona mwenyewe baadaye. Vinundu vyake havikuwa vimekwisha. Ukilitazama kwa mbali ungesema ni jipya, maana muuzaji alikuwa amelipaka dawa ya kung'arisha. Tarehe iliyoandikwa ubavuni ilionyesha kwamba lilikuwa limetimiza miaka 13.

Ndugu zangu, ninachotaka kusema leo kinatokana na habari hiyo. Kelele za gari ni taarifa. Nyingi ya kelele hizo zikitibiwa kwenye shina lake, gari hutulia, hulainika na huwa salama kwa wakati mmoja, na fedha inayotumika ni ndogo kuliko ile ya kuzifunika. Sisi hufanya kinyume. Gari likishuka bandarini tunaanza na redio na spika, kisha rimu kubwa za kung'aa, kisha vitambaa vya viti. Matairi tunayakumbuka trafiki akituamuru.

Vijana wa fizikia nisaidieni hapa. Mmefundishwa kwamba ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na kwamba kipimo hicho ni cha logi. Sasa chukua kelele mbili zenye nguvu sawa ndani ya gari, moja ya tairi na moja ya upepo wa mlangoni. Ukiiondoa moja kabisa, jumla hupungua desibeli 3 tu. Sikio la mtu huona kelele imepungua nusu pale zinapopungua kama desibeli 10. Maana yake, ukihangaika na kelele ndogo huku kubwa ipo, umetupa fedha. Anza na iliyo kubwa. Katika gari la familia linalokwenda kilomita 80 juu ya lami yetu hii ya kokoto kubwa, iliyo kubwa mara nyingi ni matairi.

Basi tuanze na matairi, na nitakaa hapo kwa muda mrefu.

Ubavuni mwa tairi pameandikwa habari zake zote, kama cheti cha kuzaliwa. Tafuteni kwanza tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba huzeeka hata ikikaa stoo, kwa joto, jua na hewa. Watengenezaji wengi hushauri tairi likipita miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 liondolewe hata kama linang'aa namna gani. Kwa jua letu la pwani mimi singengoja miaka 10.

Kisha kuna saizi. Tuseme 195/65R15. Upana wake ni milimita 195. Kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani kama milimita 127. Rimu yake ni inchi 15. Kile kimo cha ubavu ndicho mto wa upepo mnaoukalia. Mtu akifunga rimu za inchi 17 zenye tairi la 215/45, ubavu unabaki kama milimita 97. Amenunua urembo, ameuza milimita 30 za mto. Kisha anakuja gereji ananiuliza kwa nini gari linarusha kwenye rasta za Kimanzichana, na kwa nini rimu imepinda kwenye shimo. Rudini kwenye saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Hilo peke yake limewahi kuwaponya wateja wangu wengi kuliko dawa nyingine yoyote.

Baada ya saizi mtaona namba kama 91 na herufi kama H. Namba 91 maana yake tairi hilo linabeba kilo 615, mradi upepo wake uwe sawa. Wenye magari ya safu tatu za viti wanapaswa kuitazama sana namba hiyo, hasa msimu wa mchele.

Magari mengi yanatufikia yakiwa na matairi ya theluji. Ndiyo, theluji! Mtaona ubavuni neno STUDLESS. Raba yake ni laini mno, kwa sababu imetengenezwa ishike barafu huko kaskazini mwa Japani. Kwenye lami ya moto huvuma, huliwa upesi, na mvua ikinyesha hushika vibaya. Muuzaji atakuambia vinundu ni virefu, na ni kweli ni virefu. Lakini yavueni.

Juu ya matairi ya mtumba yanayouzwa kando ya barabara sitasema msinunue kabisa, maana najua mishahara yetu. Nasema yaangalieni kwa ndani, siyo kwa nje tu. Tia mkono upapase kama kuna kiraka au uvimbe. Kunja ubavu uone kama una nyufa. Na yale yaliyochongwa upya kwa kisu cha moto ili yaonekane yana vinundu, yaacheni hapo hapo, hata ukipewa bure. Kwa tairi halali, mtaona ndani ya mifereji yake vijivimbe vidogo. Vinundu vikishuka kufikia hapo, zimebaki milimita 1.6 nalo limekwisha. Kwa mvua za masika huku kwetu ni heri kubadili mapema kidogo, zikibaki milimita 3.

Mkiwa na fedha ya matairi mawili tu, yale mapya yafungwe nyuma. Najua fundi pancha atabisha. Tairi la mbele likiteleza, gari hukataa kukata kona na dereva hulihisi mkononi, akapunguza mwendo. La nyuma likiteleza, gari linageuka kabla hujajua kulikoni.

Sasa upepo. Hapa vijana chukueni kalamu. Gari na watu wake lina kilo 1600, kila tairi linabeba 400. Nguvu yake ni kama nyutoni 3920. Upepo ni kilopaskali 220. Gawanyeni, mtapata eneo linalogusa ardhi: sentimita za mraba kama 178. Hicho ni kiasi cha kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Viganja vinne tu ndivyo vinavyoishikilia familia nzima barabarani.

Kilopaskali 220 ndizo pauni 32 kwa inchi ya mraba, ambazo mafundi wetu huziita "upepo 32". Namba ya gari lako imo kwenye kile kibandiko cha mlango, mara nyingi kwa kilopaskali. Upepo hupimwa tairi likiwa la baridi, asubuhi kabla ya safari, kwa geji yako mwenyewe. Geji za vituoni nyingine zilikwisha kuanguka chini mara mia. Ukizidisha, tairi linakuwa gumu kama ubao, linaliwa katikati, na kila kokoto utaisikia mgongoni. Ukipunguza, safari inakuwa laini, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Tairi la saizi ile niliyoitaja huzunguka kama mara 500 kwa kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam mpaka hapa ni kiasi cha kilomita 130, yaani mizunguko 65,000. Katika kila mzunguko ubavu unakunjwa na kunyooshwa. Chukueni waya, ukunjeni na kuunyoosha haraka haraka, mguseni mahali pale: ni pa moto, na baadaye unakatika. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa linapikwa namna hiyohiyo.

Wapo wanaouziwa naitrojeni kwa bei ya ajabu. Hewa hii tunayovuta bure ni naitrojeni asilimia 78. (Kicheko.)

Wanaoshuka kwenda upande wa delta, kwenye njia za mchanga na za udongo, hupunguza upepo ili tairi litanuke lisizame. Ni ufundi mzuri na mimi naufanya. Lakini pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya dashibodi iwe ndani ya buti, ili urudishe upepo kabla ya kukanyaga lami. Mtu asiye na pampu asipunguze.

Nikitoka kwenye matairi naingia kwenye miguu ya gari: shokapu, springi, bushi, boli jointi na zile fimbo ndogo tunazoziita stabilaiza linki. Shokapu haibebi gari. Kazi ya kubeba ni ya springi, na shokapu huizuia springi isiendelee kuruka baada ya shimo. Ikichoka, tairi linadundadunda juu ya barabara, na tairi lililo hewani haliwezi kufunga breki. Ipimeni hivi: bonyeza kona ya gari kwa nguvu zako zote uachie. Likipanda mara moja likatulia, ni nzima. Likiendelea kunesa kama kitanda cha springi, shokapu imekufa. Angalieni pia kama inavuja mafuta, na kama tairi limeliwa mabonde mabonde. Shokapu hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia pamoja.

Bushi ni vipande vidogo vya raba, na kila kimoja ni cha bei ndogo. Wengi huvidharau. Gari la miaka 15 bushi zake zimekauka na kupasuka, chuma kinagonga chuma, na mwenye gari anadhani bodi imelegea. Mpeni fundi mwaminifu nusu siku tu avikague vyote gari likiwa juu.

Nimewaahidi habari ya kusikiliza, basi niwape alama chache. Mvumo unaobadilika lami inapobadilika, kwa mfano unapotoka kwenye kiraka kipya kuingia lami ya zamani, ni wa tairi. Mvumo usiojali lami lakini unaopungua au kuzidi unapopinda kidogo kushoto au kulia, ni wa beringi. Ukiwa na shaka, hamisha matairi ya mbele nyuma. Kelele ikihama nayo, umempata mwizi. Kigongo-gongo kwenye vishimo vidogo mara nyingi ni stabilaiza linki. Ka-ka-ka unapokata kona hadi mwisho ni jointi ya ekseli. Na ile du-du-du inayokwenda haraka gari linapokwenda haraka, huku kiti au usukani ukitikisika, ni tairi linaloachana na ukanda wake. Hapo husubiri kufika. Unaegesha pembeni, unashuka na kupapasa kila tairi kutafuta uvimbe.

Ipo kelele moja zaidi nisiyoitania: mngurumo wa ekzosti iliyotoboka. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kwenye magari ya familia yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, raba ya mlango ule ikichoka, mwendo wa gari huuvuta moshi kuingia ndani, na wanaolala kiti cha nyuma ni watoto. Mtoto akilalamika kichwa kinauma kila safari, usimpe dawa ya kichwa na kuishia hapo. Kaguweni ekzosti na raba ya mlango.

Hapo sasa ndipo ninaporuhusu mtu aanze kulinyamazisha gari lake, maana kelele zilizobaki hazina habari tena.

Anzeni na raba za milango. Kata kipande cha karatasi, fungia mlango juu yake, vuta. Kikitoka bila kushikwa, upepo na vumbi navyo vinapita hapo. Wakati mwingine haihitajiki raba mpya. Fundi anaisogeza ndani ile ndoano ya kufungia kwa milimita mbili na mlango unashika. Kisha gongeni mabati ya ndani ya milango na sakafu kwa kongo la kidole. Palipolia kama debe tupu, bandikeni lile bamba zito la raba lenye gundi. Si lazima kulifunika bati lote. Robo ya eneo, katikati yake, inatosha kulizuia lisitetemeke. Baada ya hapo ndipo zulia nene au felti ifuate, ambayo kazi yake ni kumeza sauti.

Wapo mafundi wanaotumia lami ya kuezekea mapaa badala ya bamba lenyewe kwa kuwa ni rahisi. Itayeyuka mwezi wa Januari, na gari litanuka lami mpaka mtakapoliuza. Matundu madogo yaliyo chini ya milango nayo msiyazibe. Yamewekwa ili maji yatoke. Mkiyaziba mlango utaoza kutoka ndani.

Mzee mmoja wa Ikwiriri aliwahi kuniuliza kama makumbi ya nazi yanafaa. Nilifurahi, kwa sababu viti vya Volkswagen za zamani, zile kobe tulizoziona utotoni, vilijazwa nyuzi za makumbi zilizoshikanishwa kwa utomvu wa mpira. Zilikalika miaka mingi bila kubonyea. Kwa viti, basi, bidhaa yetu ya pwani ina heshima yake. Lakini sakafuni au ndani ya milango siyashauri, wala sufi siishauri. Makumbi hunywa maji, na sufi hushika moto upesi mno.

Na maji huku kwetu si jambo dogo. Mwaka 2024 mafuriko yaliingia Rufiji na Kibiti, na mwezi Mei mwaka huo kimbunga Hidaya kikafuatia na kuikata barabara ya Lindi mahali kadhaa. Yapo magari yaliyolala majini siku zile ambayo sasa yanauzwa yakiwa yamesafishwa vizuri. Mnunuzi ainue zulia, apapase felti iliyo chini yake, anuse, na atafute tope jembamba kwenye vyuma vya chini ya viti. Gari lililopita kwenye maji yaliyofika juu ya kikombe cha gurudumu beringi zake zikaguliwe, hata kama bado hazijaanza kuvuma. Wanaokwenda Nyamisati kupokea wageni wa Mafia, au popote pengine delta ambapo maji ya chumvi hupanda na kushuka, walioshe gari upande wa chini kwa maji baridi siku ileile. Chumvi haina haraka, lakini hailali.

Redio, mwishowe! Nitakuwa mfupi. Redio za magari ya Japani hushika FM kuanzia megahezi 76 mpaka 90, na zile za karibuni mpaka 95. Stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo sababu mnapata stesheni mbili tatu na mlio wa mikwaruzo. Kile kidude cha kuhamisha mawimbi kinasaidia, lakini hupunguza usikivu, na njiani kati ya hapa na Somanga utabaki na upepo mtupu. Afadhali redio nyingine ya kawaida yenye masafa yetu. Spika za mbele zikibadilishwa mbili tu, katika mlango uliokwisha kubandikwa lile bamba, mtashangaa, kwa sababu spika ilikuwa inashindana na bati. Gari likishatulia hamtahitaji kufungua sauti kubwa. Na abiria wa nyuma akisema gari linagonga, zimeni redio kwanza.

MASWALI

Mwanafunzi wa kidato cha tano: Baba yangu husema gari likiwa na yeye peke yake linarusha, likijaa watu linakuwa laini. Ni kweli au ni mazoea?

Jibu: Ni kweli, na umeshajifunza sababu yake. Uzito unaoning'inia kwenye springi ukiongezeka huku springi ikiwa ileile, mtikisiko wake unakuwa wa taratibu zaidi. Watengenezaji hulazimika kuchagua springi itakayobeba watu saba, basi dereva peke yake anakuta ni ngumu. Ila baba yako asidanganywe na ule ulaini wa gari lililojaa. Wakati huo springi zimekwisha kubonyea, umbali uliobaki kabla ya chuma kugonga ni mdogo, na tairi linafanya kazi ngumu kuliko wakati wote. Kwenye kibandiko cha mlango, magari mengine yana namba ya pili ya upepo kwa ajili ya mzigo. Mwambie aiangalie.

Mwanafunzi wa zamani: Fundi, sisi wa Utete tunanyanyua magari kwa kuweka spesa. Unasemaje?

Jibu: Nasema ninawaelewa, kwa sababu bampa za mbele mnaziacha kwenye matuta. Sentimita mbili tatu gari linavumilia. Mkizidisha, shokapu inafanya kazi ikiwa imevutwa karibu na mwisho wake, ndiyo maana mnasikia tok! gurudumu linaposhuka shimoni, na ekseli zinakaa kwa pembe inayomaliza jointi zake. Na zile raba mnazochomeka katikati ya springi zinaifanya springi kuwa ngumu. Hapo msinilaumu kwamba gari linarusha. Kama njia yenu ni ya kunyanyulia gari kila mwaka, huenda gari mlilonunua ndilo siyo la njia ile. Baada ya kubadilisha chochote pale chini, alaimenti ifanywe upya.

Ndugu Mwenyekiti, naona pilau linanukia na watu wameanza kutazama upande wa jikoni. Nimekuja na geji mbili, chaki na pampu moja. Nawaomba vijana sita wa fizikia wafuatane nami penye miembe baada ya chakula. Watasoma tarehe ya kila tairi, pamoja na la spea ambalo najua wengi hawajalitazama tangu walinunue gari, na kuiandika kwa chaki juu ya tairi lenyewe ili mwenye gari aione kabla hajawasha kurudi Dar es Salaam. Tutaanza na gari langu.